Mechi ya Kwanza, Siku ya Posa

Theluji ilipoanza kuyeyuka kule Märsta, Uswidi, Anicet naye akaanza wazimu wake. Haki ya Mungu, mtu mzima, ana mvi kidevuni, anasafisha ndege kwenye uwanja wa ndege na vijana wa kazini wanamwita mzee, lakini ligi ya mpira ikikaribia kufunguliwa hapati usingizi. Aliifua skafu yake nyekundu ya timu, akaianika kwenye roshani, akawa anatoka kila mara kuichungulia. Giza lote lile la baridi alikuwa akisubiri kitu kimoja tu: kusimama tena nyuma ya goli na wenzake, aimbe mpaka koo limkauke.

Balaa ni kwamba mechi ya kwanza iliangukia Jumamosi ya posa. Diane, binti wa dada yake Béata, alikuwa anaposwa jioni ile nyumbani kwao Jakobsberg. Baba yake alishafariki, kwa hiyo msemaji wa familia ni mjomba: ndiye atakayewapokea wageni, awatanie, awazungushe kwa maneno, na mwisho aseme ndiyo. Bila msemaji hakuna posa. Wageni wenyewe ni Waganda, na kina Anicet ni Warundi, kwa hiyo walikubaliana shughuli iende kwa Kiswahili.

"Mjomba, usiende mpirani," Diane alimwambia. "Nakuomba. Mwaka jana ulirudi unavuja damu."

"Mechi ni mchana, posa ni jioni. Wasiwasi wa nini, mwanangu?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaenda. Na wala hakwenda uwanjani moja kwa moja, ng'o! Alipitia bustani iliyo nyuma ya stesheni, ambako Axel, kiongozi wa kundi lao la mashabiki, alikuwa amewakusanya. Wakavaa kofia nyeusi za kuficha uso. Jua lilikuwa linawaka, moyo wa Anicet unadunda kwa raha. Mara wale wa njano, mashabiki wa timu pinzani, wakatokea upande wa pili, nao wamejifunika nyuso.

Wakavaana. Chupa zikapasuka vichwani mwa watu. Anicet alipigwa ngumi ya sikio, akacheka, jamani, akacheka! Akamdaka wa njano mmoja mrefu, akambwaga kwenye changarawe, akamkalia kifuani. Ngumi ya mdomo. Ngumi ya pua. Alisikia kitu kinavunjika chini ya vidole vyake, akaongeza nyingine.

"Utanitambua leo, mshenzi wewe!" alifoka kwa Kiswahili, maana matusi ya kweli hayamjii kwa Kiswidi.

Yule wa chini akaacha kujikinga.

"Mjomba? Mjomba Anicet? Ni mimi, Kenneth."

Anicet akamvua ile kofia. Alikuwa Kenneth kweli, mchumba wa Diane, kijana mpole ambaye hakuwahi kuthubutu kumwambia kuwa yeye ni wa njano. Meno ya mbele hayapo. Jicho limefumba.

"Mungu wangu! Amka, mwanangu, amka twende." Akamshika makwapani kumwinua.

"Anicet!" Axel alikuwa anakuja na wenzake, mkanda mkononi. "Unamsaidia huyo? Wewe uko upande gani?"

Angesema tu: huyu ni mkwe wangu. Lakini aliwatazama wale watu, akaiona ligi nzima inayokuja, wao wanaimba na yeye yuko nyumbani, ametemwa. Akaogopa. Akamwachia Kenneth aanguke chini. Kisha akampiga teke la mbavu, kwa nguvu zake zote, na Kenneth anamwangalia.

"Safi," alisema Axel, wakakimbilia uwanjani. Timu yake ilishinda. Anicet hakuliona hata bao moja.

Jioni, kule Jakobsberg, alivaa suti na kuficha mikono mifukoni. Béata alishapanga sahani, Diane amependeza mpaka basi. Wageni hawakuja. Chakula kikapoa. Simu ya Diane ikalia, naye akaisikiliza muda mrefu akiwa amesimama katikati ya sebule.

"Wako hospitali," alisema alipokata. "Ubavu wa Kenneth umetoboa pafu."

Béata akapiga ukelele. Diane hakulia. Alikuwa anamtazama mjomba wake.

"Amesema ngumi amekusamehe, hukujua ni yeye. Anachouliza ni lile teke. Lilikuwa la nini, mjomba?"