Aliyemuuguza Bibi

Daktari alituambia saratani ya tumbo ya baba imeshafika kwenye ini, hakuna tena cha kukata. Kisha akaniuliza, "Mama yake baba alikufa kwa ugonjwa gani?"

Nyumbani kwetu Tlawi tulijua jambo moja tu: bibi alirogwa na jirani yetu Agatha. Tangu nizaliwe sikuwahi kutumwa kwake hata kuomba chumvi.

Tuliporudi nilikaa kitandani pa baba nikamweleza nilichosoma chuoni: mwilini kuna jeni zinazozuia seli zisikue ovyo wala kutawanyika. Mzazi anaweza kumrithisha mtoto jeni yenye kasoro.

"Kama bibi aliumwa hivi, baba, mimi na Marieta tupimwe sasa, kabla hatujaumwa."

"Nilikuwa Gitting nachunga ng'ombe za mjomba," alisema. "Nilirudi nikakuta kaburi."

"Nani alimuuguza?"

Aligeukia ukutani.

"Agatha," alisema. "Peke yake. Ndiyo maana tulisema ndiye aliyemroga." Akanigeukia. "Miaka arobaini na sita, Efrazia. Kamwite."

Bibi Agatha alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," baba alisema.

"Marahaba. Kumbe ulimi unao, Bura? Nilidhani ulizikwa pamoja na mama yako."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanza. Huyu mtoto ana swali."

Nilimuuliza. Akaketi.

"Alikuwa anashiba kwa vijiko viwili. Mwishoni akatapika kitu cheusi, kama machicha ya kahawa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Nilimwosha mimi."

Marieta, mdogo wangu, aliacha kupukuchua mahindi. "Mimi nina ishirini na saba," alisema. "Tunaenda lini?"

"Jumatatu," nilisema.

Bibi Agatha aliushika mkono wa baba, hakuuachia hadi baba akalala.

Baba hakuifikia Jumatatu. Tulimzika Jumamosi, mvua ikinyesha. Jumatatu asubuhi, tulipotoka na mikoba, baba mkubwa Yohanes, binamu ya baba, alituzuia uwanjani.

"Watoto wa marehemu mnaondoka matanga hayajaisha? Mna haraka ya wapi?"

Bibi Agatha aliinuka kati ya wafiwa.

"Yohanes, wapishe. Basi litawaacha."

Akapisha.