Nzi Mweupe wa Hessel

Hessel Bouwman akishasema neno halirudi. Daktari alipomwambia kwamba macho yake yanakufa kuanzia katikati, alimpigia simu binti yake Jantina kule Prince George. "Siku nitakayoshindwa kumwona nzi wangu wa kuvulia juu ya maji," alisema, "nitakupa funguo za gari na za nyumba kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla ya hapo usinitajie mambo ya kuhama." Akakata simu.

Oktoba Jantina akaja. Majirani waliambiwa amekuja kuvua stilihedi, samaki wale wanaozaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha vuli ikifika hurudi kwao wakiwa wanene na wakali. Ukweli ni kwamba alikuja kumpima baba yake kama bado anamwona nzi, na jambo hilo lilikuwa limemkaa vibaya moyoni tangu alipowasha gari. Chumba cha mzee nyumbani kwa Jantina kilikuwa kimeshaandaliwa, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama maegesho ya magari. Kila alipokifikiria aliomba mzee amshinde.

Asubuhi ile nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, na miti ya popla ukingoni mwa Mto Bulkley imegeuka manjano tupu. Hessel alifungua kiboksi chake cha nzi, vidude vya nywele za kulungu na manyoya vilivyofungwa juu ya ndoana, akapapasa, akatoa mmoja mkubwa mweupe mwenye sponji mgongoni.

"Huyu."

"Baba, huyo si nzi, ni kuku."

"Kuku anaelea. Wewe baki na mende wako wadogo weusi."

"Maji ni machache, tena yanaonekana hadi chini. Ni wewe uliyenifundisha, maji yakiwa hivi nzi awe mdogo na mweusi."

"Nilikufundisha na kunyamaza pia, lakini hilo hukulishika. Nifungie, vidole vyangu vimekufa ganzi kwa baridi."

Alimfungia. Mzee akaingia majini hadi magotini, akatupa mshipi upande wa pili wa mto, akauacha mkondo umlete nzi polepole akiteleza juu ya maji na kuacha mkia wa mawimbi nyuma yake. Kisha hatua moja kushuka, akatupa tena. Jantina alikaa ukingoni na chupa ya kahawa.

Uvuvi huu una adhabu yake. Samaki anapomjia nzi unamwona kwa macho yako, moyo unaruka, mkono nao unaruka, na ukimnyanyua nzi umemnyang'anya samaki chakula mdomoni. Inabidi utulie mpaka uusikie uzito wake. Maisha yake yote Hessel hakuweza. Marehemu mkewe alikuwa akikaa papa hapa kwenye mawe, akicheka hadi anashika mbavu.

Karibu na mwamba maji yakavimba. Mgongo wa kijivu ukatokea, mpana, ukajiviringisha juu ya nzi mweupe, ukazama bila kumgusa.

"Baba! Amepanda!"

Mkono wa Hessel haukuwa umetikisika hata kidogo.

"Nimemwona," alisema. "Unanipigia kelele za nini?"

Jantina nusura alie kwa furaha. Uzee umempa subira hatimaye, alifikiri. Anaona! Abaki na nyumba yake, abaki na mto wake, na chumba kile tutaweka baiskeli.

Samaki akipanda akakosa, wavuvi wa huku hawasogezi mguu. Humpumzisha kidogo, kisha humrudia kwa nzi mdogo zaidi, mweusi zaidi.

"Tubadilishe," Jantina alisema akiingia majini.

"Mweusi simfuati vizuri kwa mwanga huu. Nifungie mweupe yuleyule. Sikuja kushika samaki, mama, nimekuja kumwona akipanda."

Lakini Jantina alitaka baba yake apate vyote, kumwona na kumshika. Aligeuza mgongo, akakata mshipi, akafunga nzi mdogo mweusi kama punje ya pilipili manga. "Tayari," alisema, akabaki amesimama ubavuni pake.

Hessel akatupa. Mweusi akaanza kuteleza.

"Huyo hapo," mzee alisema kwa raha. "Mweupe kama yai. Unamwona anavyokuja?"

Jantina alimgeukia. Macho ya baba yake yalitazama mahali pasipokuwa na kitu, na uso wake ulijaa tabasamu la mtu anayeona. Hapo ndipo alipoelewa ule mkono uliotulia. Haikuwa subira.

Mshipi ukakazika na gurudumu la kuuviringishia likalia. Hessel, ambaye hakuona kitu cha kumshtua, alikuwa amengoja vizuri kuliko siku yoyote ya ujana wake. Alipambana na samaki yule mpaka akamleta kwenye maji mafupi, jike la rangi ya fedha lenye wekundu kidogo mashavuni. Akapiga magoti. Akapapasa taya ili atoe ndoana.

Vidole vikasimama. Vikarudi, vikampima nzi pande zote, udogo wake, ukosefu wa sponji. Kisha akaichomoa ndoana taratibu, akamshikilia samaki kwenye mkondo mpaka akaenda zake.

"Umechagua vizuri," alisema bila kuinuka. "Ningekuwa na macho ningemchagua huyuhuyu."

"Baba, nilitaka tu upate..."

"Najua ulichotaka."

Walipanda hadi kwenye gari. Hessel alitoa funguo zote mfukoni, akamshika binti yake mkono, akamwekea kiganjani. Akazunguka akapapasa mlango wa abiria, mlango ambao hakuwahi kuufungua kwa ajili yake mwenyewe.

Jantina aliwasha gari lakini hakuliondoa.

"Alipandaje?" mzee akauliza. "Huyu wa mwisho. Nieleze."

Jantina hakuwa amemwona. Wakati ule alikuwa akiutazama uso wa baba yake. Basi akamweleza yule wa kwanza, maji yalivyovimba, mgongo wa kijivu ulivyojiviringisha na kuzama.

"Na mkia?"

"Mkia ulitoka wote, Baba."

Hessel akaegemeza kichwa na kufumba macho. "Haya," alisema. "Nieleze tena."