Kapteni Aliyesaini Mwezi

Januarius Mayunga alimkuta mdogo wake, Bujiku, kwenye banda la gemu la Imrani, nyuma ya stendi ya Bariadi, amekaa kwenye benchi na bahasha ya kaki mapajani. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha nne za pasipoti, zimetoka kupigwa. Ilikuwa saa nane na robo mchana. Saa kumi, kwenye ofisi ya kata kule Dutwa, Bujiku angezibandika kwenye mkataba na kusaini, na shamba la baba yao lingekuwa la kampuni ya madini, pamoja na kaburi la baba mwenyewe lililomo ndani yake.

Sahihi iliyotakiwa ilikuwa moja tu. Kikao cha ukoo kilimteua Bujiku kuwa msimamizi wa mirathi, kikamruka kaka mtu, kwa sababu Januarius alishalala mahabusu siku nne kwa kelele zake juu ya mizani ya pamba iliyowapunja wakulima. "Huyu ana mdomo," walisema wajomba. Kweli alikuwa nao. Alikuwa pia na kumbukumbu, na hiyo ndiyo iliyowaudhi zaidi. Alikumbuka msimu ambao mbegu zililetwa zimeoza zikasifiwa kwenye kipaza sauti. Alikumbuka nani alisimama mkutanoni akaahidi kisima kabla ya masika, alivaa shati gani, na nani walimpigia makofi. Kisima hakipo mpaka leo, na waliopiga makofi wanasema hawakumbuki.

"Mwadila, kaka," Bujiku alimwamkia.

"Usinisalimie. Unakwenda kusaini?"

"Nakwenda. Na usianze hotuba, watu wanacheza."

"Yule mtu wa kampuni amekwambia nini?"

"Kaniambia saini. Nami nasaini. Wakishaingia, tutawadai wakiwa ndani kwetu." Bujiku alitabasamu. "Kwani wewe si ndiye uliyenifundisha? Kapteni wa Ya Tatu alifanyaje?"

Januarius aligeukia skrini.

Miaka kumi na sita nyuma, banda hili lilipokuwa la marehemu Mzee Tajudin, baba yake Imrani, watu walijaa hapa kucheza stori. Si mpira, stori. Gemu lilikuwa na jina refu la Kiingereza. Wao waliliita Mwezi Mwekundu, na sehemu zake Ya Kwanza, Ya Pili, mpaka Ya Nne. Januarius, darasa la saba na kamusi iliyochanika jalada, alikaa kando ya skrini akitafsiri kwa sauti kama wale wanaotafsiri filamu kwenye mabanda ya video. Bujiku alikuwa na miaka kumi, amekaa chini, mdomo wazi.

Katika Ya Kwanza unakuwa mchimba madini kwenye mwezi wa mbali. Kampuni inaleta askari wake, nawe una bunduki uliyoiunga kwa vyuma vya mgodini, na mlango wa shimo haufunguki mpaka uwe umembeba majeruhi wa mwisho. Ya Pili vita vinasambaa. Mwisho wa Ya Tatu, Kapteni wa wachimbaji anakaa mezani na watu wa kampuni, anashika kalamu. Hapo Kiingereza kilikimbia, kamusi ikabaki nyuma. Januarius aliona watu wakilia nyuma ya kioo. Aliona watoto wanamtazama. Basi akatunga.

"Anawadanganya!" alipaza sauti. "Anasaini ili waingie walegee. Kesho anawafukuza!"

Banda zima liliruka juu. Ya Nne ilipofunguka na bendera ya kampuni juu ya mwezi, akasema huo ni mwezi mwingine. Miaka ikapita, Kiingereza kikamwingia, akairudia Ya Tatu peke yake na kuelewa. Akanyamaza. Mtu asiyesahau ya wengine aliifunika hii yake.

"Bujiku," alisema. "Nilidanganya. Kapteni hakuwatega. Aliuza."

Bujiku alicheka. "Leo ndiyo umekumbuka? Saa nane hii? Kaka, acha hizo."

"Imrani, weka Ya Tatu."

"Stori tena, Janu?" Imrani alisema. "Hawa wako dakika ya sabini, nikizima watanichinja."

"Nazima mwenyewe."

Wacheza mpira wawili walitukana, wakamwita mzee wa maandamano. Lakini Imrani aliyaona macho yake, akatoa sidii kwenye boksi la zamani na kuichomeka kwenye mashine ya zamani. Sura ya mwisho ilikuwa bado imehifadhiwa. Saa nane na nusu.

Januarius alishika pedi. Kwenye daraja la gemu akafa. Akarudi, akafa tena. Kila alipokufa alizungumza zaidi.

"Wewe unaisifu Ya Nne."

"Ya Nne ni kali, kaka. Meli zile, ile taa usiku. Ya Kwanza unakimbia shimoni tu kama panya."

"Shimoni unawajua watu! Wana majina, wanakuita. Ya Nne unapiga watu wenye helmeti kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Umewahi kujiuliza wale ni nani? Ni wachimbaji wa Ya Kwanza. Ni watoto wao! Wamekupa bunduki nzuri usiulize."

Akafa kaka mtu mara ya nne.

"Lete hapa, unatia aibu," Bujiku alisema, akaiweka bahasha benchini na kuchukua pedi. Akavuka daraja kwa pumzi moja. Hata wale wa mpira wakasogea kutazama. Kwa dakika kama kumi hivi Januarius aliamini amempata ndugu yake. Mabega yao yaligusana, na bahasha ilikaa pale kama takataka.

Kisha meza ikaja, na kalamu. Safari hii Januarius alitafsiri neno kwa neno, sauti imekauka.

"Mtu wa kampuni anasema, watu wako watapewa pa kukaa. Kapteni anasema, sitaki kujua ni wapi. Anasema, nimechoka. Nipeni nafasi kwenye meli."

Kapteni akasaini. Mlango ukafungwa, waliokuwa nje wakabaki nje. Meli ikapaa.

"Kwa hiyo alichoka tu," Bujiku alisema polepole.

"Alichoka."

"Hakurudi?"

"Hakurudi, ng'wana mayu, mwana wa mama. Hakuna anayerudi. Umeona sasa?"

Bujiku aliweka pedi chini taratibu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mwezi mzima silali," alisema. "Nilijua nikisaini sina ubavu wa kurudi kupigana nao. Nikajiona si mwanaume, si kama Kapteni wako. Kumbe hata yeye alichoka, kama mimi." Akachukua bahasha. "Ungeniambia zamani, kaka."

"Bujiku! Sikukuonyesha kwa ajili hiyo!"

"Najua."

Alitoka. Januarius alimfuata mpaka kwenye pikipiki iliyokuwa ikimsubiri, akaishika nyuma, na dereva akapiga moto akimwambia, "Achia, mzee, utaanguka." Aliachia kiganja kilipoungua kwenye bomba la moshi. Vumbi la Bariadi likamfunika mdogo wake.

Ndalahwa, dereva mwingine wa pikipiki aliyejua habari ya mkataba, alisogea. "Twende? Tukiwahi tutamkuta ofisini."

"Si ofisini. Shambani, kwenye kaburi la baba."

"Kufanya nini sasa?"

"Kukaa." Januarius alipanda, kiganja kilichoungua amekibana kwapani. "Watakuja kupima. Watanikuta."

"Nikusubiri?"

"Usinisubiri. Endesha."