Jukwaa la Juu ya Mwaloni

Kosa lilikuwa la Verlyn mwenyewe, wala hamsingizii mtu: alimwamini shemeji yake. Wiki nzima Orrin alimsihi aachane na jukwaa la kuwindia kulungu, lile ambalo Verlyn alilijenga na marehemu baba yake juu ya mwaloni.

"Kwa magoti hayo, shemeji, ukipanda utashushwa na zimamoto. Kaa chini nyuma ya matawi. Nimeshakuandalia, hata kiti kipo."

Verlyn akacheka, akakubali.

Asubuhi ya kwanza ya msimu, akiwa kitini na chupa yake ya kahawa, alihisi upepo ukimpiga kisogoni. Ulikuwa unapeleka harufu yake kwenye njia ya kulungu, na kulungu wakimkwepa yeye hupita chini ya mwaloni tu. Kabla hajamaliza kuwaza, bunduki ikalia huko mwaloni.

Alijikokota hadi kwenye ngazi. Huko Wisconsin, Marekani, hupandi jukwaa la mtu bila ruhusa. Hata akifa, unamuuliza mjane. Juu kulikuwa na koti la wawindaji la rangi ya chungwa, na Orrin ndani yake.

"Shemeji," akasema, "teremka uniambie magoti yangu ulianza kuyaonea huruma lini."