Mfuniko Uliobaki Nyuma ya Jukwaa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimehudhuria kikao cha leo kabla leo haijafika. Ajenda ilikuwa moja: Ukumbi wa Majengo uvunjwe ujengwe wa vioo, au uachwe uzeeke na matundu yake. Ukumbi huo umetuoza, umetulilia, na kura zetu umezihesabu. Siku hizi dari yake inapukutika unga vichwani mwetu.

Ukumbi wenyewe ulikuwepo. Umelala chali katikati yake wenyewe, umefunikwa khanga, feni zake zinaupepea.

"Mabati yanauma?" anauliza katibu, Bwana Kihiyo.

"Masika ndiyo zaidi," ukumbi unajibu. "Kiangazi navumilia."

Ukumbi mpya ulikuwa bado mchoro, umekunjwa kwapani mwa Kihiyo. Ukajikunjua, ukatusalimu vizuri tu, kisha ukasema, "Ila mimi msiba sipokei. Machozi yanaharibu vigae."

"Matanga tutaweka wapi?" nikauliza.

"Kila mtu afie kwake."

Wajumbe wakapiga makofi. Mimi nikachukia, nikanyoosha mkono.

"Mjumbe Mwanaidi, pitia kwa mwenyekiti," Kihiyo akanikumbusha. Utaratibu ni utaratibu. Mzee Shekalaghe, mwenyekiti wetu, akafungua vifungo vya koti, nikainama nikapita. Ndani yake palinukia pilau. Nikatokea upande wa pili, stoo ya nyuma ya jukwaa.

Kwetu kukiwa na shughuli kila mwanamke huleta sufuria lake, na huliwekea alama ya rangi ya kucha lisije likapotea. Yaliyopotea yote yalikuwa humo. Yalikuwa yanaita wenyewe kwa majina, na hakuna aliyeitika, kwani wengi wao wako makaburini. Mfuniko mmoja ukabingirika hadi miguuni pangu. Alama yake ni vitone viwili vyekundu. Wa mama.

Mfuniko huo ulipotea siku ya harusi yangu. Mama akasema kauchukua Bi Mwantumu, jirani yetu. Ushahidi hakuwa nao, alikuwa na hasira tu, na hasira hasara. Walikaa ukuta kwa ukuta bila salamu mpaka mama akafa. Nikarithi sufuria, nikalifunika kwa sinia. Na kununa nikakurithi.

"Ulikuwa wapi wewe?" nauliza.

"Nyuma ya spika," mfuniko unajibu. "Niliwekwa, nikasahauliwa."

"Na Bi Mwantumu?"

"Huyo alinitafuta kuliko mama yako. Kila harusi alikuja akainama chini ya meza. Watu walidhani anaokota nyama."

Nililia. Nilimwonea mama aibu, nikajionea na mimi.

"Mwanaidi, mwanangu," ukumbi ukasema kupitia ukutani, "mimi nimeshakubali. Nivunjeni. Lakini nenda kwa Mwantumu kwanza, angali yupo."

"Nitakwenda kikao kikiisha."

"Vikao vyenu sijawahi kuona kimoja kikiisha," ukumbi ukasema, ukazima taa.

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikaenda jikoni kubandika chai, nikakuta sinia limeegemezwa ukutani. Sufuria la mama lilikuwa limefunikwa kwa mfuniko wake. Nikapitisha kidole juu yake, kikatoka na unga mweupe wa dari. Vile vitone viwili vilikuwepo.

Sikungoja chai. Nikajitanda khanga, nikaubeba mfuniko kifuani, nikatoka. Njia nzima, ambayo ni hatua chache tu, nilikuwa napanga maneno: shikamoo kwanza, halafu nisamehe, halafu mama naye msamehe.

Mlangoni kwa Bi Mwantumu palikuwa na ndala nyingi.

"Hodi," nikasema, nikijua.

Akatoka mkwewe, macho mekundu. "Bibi ametutoka alfajiri, dada."

Nikasimama na maneno yangu yote. Yeye akautazama mfuniko, akanipokea kwa mikono miwili, kama ulivyo ustaarabu.

"Ahsante kwa kuwahi. Watu watakuwa wengi, tumeomba ukumbi. Kihiyo amesema kikao kiahirishwe." Akaugeuza, akaona vile vitone. "Sufuria lake liko wapi?"

"Nyumbani," nikasema, nikarudi kulichukua.