Kishada cha Umeme Kilichovuka Mpaka

Mimi ndiye niliyekibeba kile kishada mara zote mbili. Mara ya kwanza kilikuwa ndani ya makasha mapya yenye misumari inayong'aa. Mara ya pili kilikuwa kimekunjwa nyuma ya lori langu, bawa moja limechanika. Naitwa Twaibu, mtu wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kazi yangu ni kusafirisha mizigo kwenda Tororo na vijiji vyake. Mizigo mingi niliyobeba nimeisahau. Huo sijausahau.

Mwenye kishada alikuwa injinia Edgar Olweny, mzaliwa wa Kirewa, hukohuko Tororo. Alikaa masomoni ng'ambo miaka minane, akarudi na wafadhili waliomwamini. Siku niliyokutana naye pale mpakani alikuwa amesimama mbele ya makasha kumi na mawili, akiwaeleza maofisa wa forodha jambo ambalo hawakuhitaji kulielewa. Walihitaji kugonga mihuri tu.

"Huku chini upepo ni mdogo," alikuwa akisema. "Lakini ukipanda mita mia nne kuna upepo mkali. Tunarusha chombo, kinavuta kamba, kamba inazungusha gurudumu, gurudumu linatoa umeme. Kamba ikiisha tunaivuta chini, tunaanza tena."

"Kuivuta chini mnatumia nini?" ofisa mmoja akauliza.

"Umeme. Lakini ni kidogo kuliko ule uliopatikana."

Ofisa akamtazama kidogo, kisha akagonga. Makasha kumi na moja yakapita. La kumi na mbili lilikuwa na jenereta ya dizeli, na karatasi za Edgar zilisema mradi mzima ni wa nishati safi, umesamehewa ushuru kwa sababu hiyohiyo. Dizeli si nishati safi. Jenereta ikabaki mpakani.

Tukaenda Molo, kijiji cha Tororo. Huko alikuwapo mama mmoja, Florence Awor, mjane, mwenye mashine ya kusaga mahindi inayoendeshwa kwa injini ya dizeli. Umeme wa nguzo ulikuwa umekomea mbali, na kila uchaguzi ulikuwa ukiahidiwa kusogea. Mama Florence ndiye aliyetoa uwanja wa nyuma ya mashine yake, kwa makubaliano kwamba umeme wa kwanza kutoka juu utasaga mahindi yake.

"Mimi nataka kujua kitu moja," alimwambia Edgar siku ile tunashusha makasha. "Hii kishada yako itasaga mahindi, ama itasaga maneno?"

"Mama, si kishada. Ni chombo cha angani."

"Sawa. Hiyo chombo itasaga?"

"Itasaga."

Nami nikauliza langu, kwa kuwa dereva huuliza. Kila mtu wa Tororo anajua radi zetu. Zipo sehemu chache duniani ambako mbingu hunguruma siku nyingi kama kwetu. Nikamwuliza Edgar kama amesahau kwao.

"Sijasahau," akasema, macho yanang'aa. "Ndiyo maana nimepachagua. Palipo na ngurumo pana hewa inayopanda, na hewa inayopanda ni nguvu."

Alisema vizuri mno hata nikaona aibu kwa kuuliza.

Kishada chenyewe kilipofunguliwa kilikuwa kikubwa kuliko nyumba ya Mama Florence, cheupe, chepesi, na chini yake kilikuwa na mapanga manne madogo ya kuzunguka, ya kukipandisha hadi kifike penye upepo. Mapanga hayo yalitaka betri zilizojaa. Betri zilikuwa zimefika tupu. Kuzijaza ilikuwa kazi ya jenereta, na jenereta ilikuwa Busia ikisubiri kuwa safi.

Basi Edgar akamwendea Mama Florence na kumwomba injini yake ya dizeli. Kwa siku chache tu, akasema. Injini ikafunguliwa kutoka kwenye mashine ya kusaga, ikafungwa kwenye vyombo vya Edgar. Wateja wakaja na mahindi vichwani, wakakuta mashine imenyamaza na injini inanguruma nyuma ya nyumba, wakapita kwenda kusaga kwingine. Mimi nikawa napeleka dizeli mara mbili kwa wiki. Haikuwahi kupelekwa dizeli nyingi hivyo Molo kabla ya mradi wa kuiondoa dizeli Molo.

Wiki tatu zikapita hivyo. Asubuhi anga linakuwa safi, hakuna upepo, chini wala juu. Kishada kinapanda kwa mapanga yake, kinaning'inia kama nguo kwenye kamba, kinashuka. Mchana upepo unakuja kutoka upande wa ziwa, nao unakuja na mawingu. Ukianza saa nane, saa tisa ngurumo imefika, na kishada lazima kiwe chini. Edgar alikuwa akiandika yote hayo kwenye daftari kwa mwandiko mdogo. Alikonda. Usiku alilala ndani ya kontena lililotiwa vyombo vyake pale uwanjani, na Mama Florence ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, akilalamika njia nzima kwamba amefuga injinia.

Halafu ikafika Alhamisi moja. Nilikuwa nimepeleka dizeli, nikakuta kishada kiko juu, kidogo kama kucha. Upepo ulikuwa umeanza mapema, na anga bado jeupe. Ghafla kamba ikakaza. Gurudumu likaanza kuzunguka lenyewe, polepole, kisha kwa kasi, likilia kama nyuki wengi. Edgar alitazama mishale ya mitambo yake, akatazama tena.

"Mama!" akaita. "Mama, leta mahindi!"

Aliyekuwa na mahindi ni mzee Ebong, jirani, aliyekuja na debe lake moja kwa kuwa miguu haimfikishi kwingine. Edgar akawasha mota aliyokuwa ameifunga kwenye mashine ya kusaga, na mashine ikaamka. Haikutoa moshi. Haikutoa ule mlio wa kupasua masikio. Ilisaga tu, na unga ukaanza kumiminika.

Mama Florence aliweka kiganja juu ya mashine kama mtu anayempima mtoto homa. Mzee Ebong alichukua unga kidogo, akaonja.

"Ni unga kabisa," akasema, kana kwamba alitegemea kitu kingine.

Ilichukua dakika kumi na moja. Edgar alikuwa ameshika saa, machozi yanamtoka bila kuyafuta, nami nakiri kwamba hata mimi niliangalia juu na kusema alhamdulillahi.

Dakika ya kumi na mbili tukasikia ngurumo ya kwanza.

Edgar akabonyeza kitufe cha kuvuta kamba. Gurudumu likarudi nyuma mizunguko michache, likasimama. Betri zilikuwa tupu. Umeme wote uliopatikana ulikuwa umeingia kwenye debe la mzee Ebong. Tukakimbilia injini ya dizeli. Ikawaka, ikavuta, na mkanda wake, uliochoka kwa kazi za wiki tatu, ukakatika. Mvua ikaanza. Kamba, ambayo ikiwa kavu haipitishi umeme, ikaanza kulowa kuanzia juu kuja chini, kuelekea kwetu.

"Tuikate," nikasema.

"Hapana! Ngojeni, nitaivuta kwa mkono!"

Akaikamata kweli, kamba ambayo mwenyewe alikuwa ametuambia inaweza kuning'iniza lori langu. Radi ikapiga ng'ambo ya shamba, tukaona mti unafuka moshi. Mama Florence alikuwa ameshaingia ndani na kutoka na panga. Akamsukuma Edgar kwa bega, akampindua matopeni, akaipiga kamba mahali inapopita juu ya gogo. Pigo la kwanza, la pili, la tano. Ikatoa mlio kama risasi, ikapotea.

Kishada kikainuka. Kilikuwa hakijawahi kuruka vizuri namna ile. Kikageuka mashariki, kikaingia mawinguni.

Edgar alikaa palepale chini, mvua inampiga. "Miaka sita," akasema. "Mama, ile ni miaka sita yangu."

"Kishada watanunua ingine," Mama Florence akamjibu, panga bado mkononi. "Wewe mama yako atanunua wapi?"

Siku mbili baadaye simu ikapigwa. Kishada kilikuwa kimeanguka upande wa Kenya, kwenye shamba la mtama, na wenyeji wakaona kina namba ubavuni wakadhani ni mali ya jeshi. Kilipelekwa Busia ya Kenya. Tukaenda na lori. Ofisini tulipokewa na ofisa wa kike, Amoit, mtaratibu, aliyekuwa na fomu mbele yake na nia njema ya kuijaza.

"Hii kitu iliingia Kenya kwa njia gani?" akauliza.

"Angani," Edgar akasema.

"Kwa ndege?"

"Chenyewe."

"Rubani ni nani?"

"Hakuna rubani."

Amoit akaweka kalamu chini. "Sasa bosi, nisaidie. Ni ndege, ama ni mzigo?"

Edgar angeweza kusema mzigo na yote yangeisha. Lakini akanyoosha mgongo. "Ni kituo cha kuzalisha umeme."

"Aa." Amoit akafikiri. "Basi kituo cha kuzalisha umeme kimeingia nchini bila leseni, na sasa kinataka kutoka. Hiyo nitaipeleka Nairobi. Nairobi wataniuliza kilizalisha ngapi."

Tulikaa ofisini humo mpaka adhuhuri. Mwishowe, kwa huruma, kwa maana alikuwa na huruma, Amoit akaenda kukishika kishada kwa vidole viwili, akarudi akaandika: kitambaa kimoja, kimetumika. Ndivyo kilivyorudi Uganda, kama mtumba. Tulipofika karibu na Tororo Edgar akasema, "Kilienda kilomita kumi na tisa, Twaibu. Hakuna aliyewahi kuviona hivi vikienda hivyo bila kamba." Nikamwambia ni kweli.

Wafadhili walikuja baada ya mwezi. Nilitegemea watafunga mradi. Walifurahi. Walipiga picha na mzee Ebong akiwa ameshika debe. Ripoti yao, ambayo Edgar alitusomea akitutafsiria, ilisema teknolojia imethibitika. Kikwazo kilichobaki Molo ni kimoja, ukosefu wa umeme wa kuaminika wa kurushia chombo. Wakapendekeza uwanja uunganishwe na umeme wa taifa, na gharama wakalipa wao.

Nguzo zikaja. Zingine nilizibeba mimi. Katika miezi mitatu waya ukafika nyuma ya nyumba ya Mama Florence, ukaingia kontena la Edgar, na kwa kuwa mashine ya kusaga iko hatua thelathini tu, ukaingia na huko. Vijiji viwili vya njiani navyo vikaungwa.

Kishada kipya kililetwa pamoja na masharti ya bima: kisirushwe ikiwa ngurumo inasikika popote, wala siku inayotazamiwa kuwa na ngurumo. Edgar alikaa na daftari lake akatafuta siku zinazofaa katika mwaka. Alizipata chache. Katika hizo chache alikirusha kila mara, na kila mara kilining'inia, kwa sababu zilikuwa siku zisizo na upepo.

Mwaka jana alipata mwaliko wa kwenda kuzungumza kwenye mkutano wa wataalamu ng'ambo. Alikuja kwa Mama Florence kuomba maneno mawili ya kupeleka huko, na mimi nilikuwapo nashusha magunia. Alikuwa amevaa suti. Alionekana kama mtu anayekwenda kusema uongo na hajui afanyeje.

"Nitawaambia nini, Mama?"

Mama Florence alifikiri sana, kwa maana ni mama wa kanisani na hapendi kumsemea mtu visivyo. "Waambie zamani hapakuwa na umeme," akasema. "Ukaleta kishada ya upepo. Sasa umeme iko. Kuna neno gani ya uongo hapo?"

Edgar alitafuta neno la uongo, hakuliona. Akatoa kalamu, akaandika yote kama yalivyo. Alitaka kuuliza kitu kingine, lakini wateja walikuwa wamejipanga hadi barabarani, na Mama Florence alikuwa ameshawasha mashine.