Kuka Hatikisi Kichwa Tena

Katika Shirere yote hakuna masikio yanayoshinda yangu. Ndiyo sababu Kuka Lusweti alipopewa vile vifaa viwili vya masikio hospitalini, mimi mjukuu wake wa kiume niliteuliwa kuwa mwalimu. Kuka ni babu, kwa wale ambao hamkubahatika kuzaliwa kwetu.

Sista wa kliniki alieleza vizuri: vifaa vinaongeza sauti tu, kusikiliza ni kazi ya kichwa, na kichwa cha Kuka kilikuwa likizoni miaka sita. Kila jioni nimsomee sentensi nikiwa nimeficha mdomo kwa gazeti, yeye azirudie. Baadaye tuwashe redio pembeni, kisha tuhamie jikoni kwenye makelele. Na jambo moja kubwa: asitikise kichwa kukubali kitu ambacho hajakisikia.

Hilo la kichwa lilikuwa na historia. Mwaka jana, wageni walipokuja kumposa binamu yangu Mildred, Kuka alikaa kiti cha msemaji wa familia akatikisa kichwa kwa kila swali. Ndivyo alivyokubali watu arobaini walale kwetu. Wengine walilala na mbuzi. Sasa dada yangu Immaculate alikuwa anaposwa na Kiprop wa Lugari, na Barasa, mdogo wake Kuka, akasema wazi kwamba kichwa kikitikiswa ovyo tena, hicho kiti ni chake. Kuka akajibu kwamba yeye ndiye aliyemlea Immaculate na yeye ndiye atakayemsemea.

Basi tukaanza. Adhabu ya kukosea ilikuwa kuosha vyombo. Kuka akasema mwalimu naye apimwe, akachukua gazeti akanisomea habari za mahindi. Kumbe mimi sentensi nilikuwa nazimaliza mwenyewe kabla hajafika katikati! Wiki ya kwanza Kuka aliosha vyombo mara moja. Mimi, mara tano. Senge Khalayi, shangazi yetu, akapita akiuliza kama nimeolewa hapa.

"Wewe unasikianga," Kuka akaniambia, "lakini husikilizi."

Kufikia wiki ya nne alikuwa anarudia sentensi huku redio inaimba na Senge anagonga sufuria makusudi. Siku aliyosikia mvua ikianza kabla yangu, alienda kuanua nguo akiimba.

Jumamosi wageni wakafika. Nilikalishwa kando ya Kuka niwe akiba: kikimpita kitu, anigeukie. Mkabala nami akaketi Jepkosgei, dada ya Kiprop, pamoja na shangazi yao Cherono. Kuhusu Jepkosgei nisiseme mengi.

Mambo yalikwenda sawa mpaka mvua ya alasiri ikashuka juu ya mabati kama lori la kokoto. Mzee wa upande wao akauliza swali refu. Kuka akanigeukia. Mimi sikuwa na hata neno moja la kumpa. Barasa akasogea ukingoni mwa kiti chake, na watu wote wakakitazama kichwa cha Kuka.

Hakikusogea.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "mvua imekula maneno yako. Njoo karibu nikuone uso, uniambie tena."

Mzee akabeba kiti chake. Wengine nao wakabeba vyao, maana nusu ya chumba haikuwa imesikia, ilikuwa inaona haya tu. Kumbe alikuwa anauliza kama Immaculate ataacha masomo ya uuguzi ahamie Lugari mwezi huu. Kuka akasema amebakisha mwaka mmoja, amalize kwanza, harusi haiozi. Mzee akakubali. Nyuma ya pazia bibi harusi mtarajiwa, ambaye kwa desturi alitakiwa kunyamaza, akapiga vigelegele mwenyewe.

Mvua ikapungua. Barasa ndiye aliyepiga makofi kwanza, kisha akataka mwalimu wa Kuka naye asifiwe. Nikasimama. Nikaeleza kwamba swali nililisikia vizuri sana toka mwanzo, ila nilinyamaza kwa makusudi, maana mwanafunzi akikomaa huachwa atembee peke yake.

Jepkosgei akamwinamia Cherono, akamnong'oneza kitu. Kuka akainua mkono watu wanyamaze.

"Huyu binti anasema," akarudia, neno kwa neno, "kijana hakusikia chochote. Tangu chai iletwe ananitazama mimi tu."